Mahabharata ipi ndiyo ya kale?

Kwanza tusichanganye: Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Wako Wahindi Waislamu na Wakristo.

Uhindu hauna mwanzilishi mmoja wala kitabu kimoja. Maandiko yake yalinakiliwa kwa mkono karne nyingi, mengine kwenye majani ya miti, na kila mnakili aliweza kuongeza neno au kuruka mstari. Ndiyo maana utafiti unahitajika.

Mwaka 1919 wasomi wa Taasisi ya Bhandarkar, mjini Pune nchini India, walianza kulinganisha nakala za Mahabharata, utenzi mrefu wa vita vya ndugu. Walikusanya nakala 1,259. Walimaliza 1966, mhariri mkuu V. S. Sukthankar akiwa ameshafariki tangu 1943. Hata kisa kinachopendwa sana, cha Ganesha mwenye kichwa cha tembo kuandika utenzi huo kwa imla, walikihamishia kwenye nyongeza. Waliona kiliongezwa baadaye. Wengi wao walikuwa Wahindu wenyewe, na hilo tunaliheshimu.

Januari 2004 kundi la watu lilivamia taasisi hiyo, likikasirishwa na kitabu cha Mmarekani kuhusu mfalme Shivaji. Kosa la taasisi? Mwandishi aliwashukuru wasomi wake. Vitabu na miswada ya kale viliharibiwa.