Meza Ipi Yamfaa Seremala?

Jumapili moja, baada ya Misa, seremala mmoja wa hapa Kalemie alitujia akiwa ameshika karatasi ya bei. Ni baba wa watoto sita, na katika karakana yake karibu na ziwa hufundisha vijana wanne. Amekusanya akiba miaka mingi, na sehemu iliyopungua alitaka kuikopa.

“Ndugu zangu,” alisema, “nataka kununua mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Nimeandikiwa meza tatu, ndogo, ya kati na kubwa. Nadhani nichukue kubwa, nisije nikajuta.”

Wasomaji wetu wapenzi, swali hilo si la seremala peke yake. Deni la baba ni deni la nyumba nzima, na ada ya shule hutoka mfuko ule ule. Kwa hiyo tuliketi naye, tukalichungua neno hili polepole.

Kwanza yafaa kujua maana ya hesabu zilizoandikwa. Mashine hizi, ambazo mafundi huziita CNC, huwa na kisu kinachozunguka kwa kasi na kutembea juu ya meza kadiri ya mchoro uliowekwa katika kompyuta. Ile iitwayo 6090 huchonga eneo la sentimeta 60 kwa 90. Ile ya 1212 huchonga 120 kwa 120, na ile ya 1325 huchonga 130 kwa 250. Hivyo ni vipimo vya mwendo wa kisu, wala si vya mashine nzima. Mwili wake huzidi hapo, na pande zote fundi ahitaji nafasi ya kupita na kugeuza mbao. Meza ya 1325 hudai chumba cha mita 5 kwa 4 hivi, nayo huweza kupita uzito wa tani moja. Mwenye mlango wa sentimeta 90 na aufikirie mlango wake kabla ya kulipa.

Pili ni ukubwa wa mbao. Bao la tabaka, ambalo kwetu huitwa triplexi, huwa na sentimeta 122 kwa 244. Basi meza ya 120 haifikii upana wake, imepungukiwa na sentimeta 2 tu! Vivyo hivyo, ukilipasua bao hilo katikati kwa urefu, kila nusu itakuwa na karibu sentimeta 61, na meza ya 60 haitaifikia ukingoni. Sentimeta moja huweza kumtia mtu hasara ya kila siku. Heri kutafuta meza ndogo yenye upana wa 65.

Na kipande kirefu kuliko meza? Hapo ndipo wengi hudanganyika. Ikiwa mashine iko wazi mbele na nyuma, ubao huchongwa sehemu ya kwanza, kisha husukumwa mbele, ukashikwa na vijiti vya kulinganishia, sehemu ya pili ikafuata. Kazi hiyo yataka uangalifu na muda, lakini yawezekana. Tena useremala wenyewe tangu zamani hujenga kikubwa kwa vidogo. Itazameni milango ya Zanzibar: miimo, kizingiti cha juu na nguzo ya katikati huchongwa mbalimbali, ndipo huunganishwa. Hata meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tatu ni umeme. Umeme wa mji wetu hutoka katika maporomoko ya mto Kyimbi, huko Bendera, nao hukatika mara nyingi. Mashine ndogo yenye mota ya kilowati 2 hivi hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, na jenereta ya kadiri huweza kuiendesha. Kubwa, pamoja na pampu yake ya kunyonya mbao zisihame, mara nyingi hudai nguvu mara kadhaa na umeme wa nyaya tatu. Tena kisu kikisimama ghafula katikati ya ua, mashine huweza kupoteza mahali ilipokuwa, na ubao mzuri wa mninga ukaharibika. Kwa hiyo fundi aweke alama thabiti ya mwanzo mezani, apate kurudi pale pale.

Nne ni maji. Sote tulioishi hapa mwaka 2021 na 2024 tunakumbuka jinsi Ziwa Tanganyika lilivyopanda na kuingia katika nyumba za watu. Mashine ndogo watu wanne huibeba wakaipeleka mlimani. Ile ya tani moja itabaki kuyangojea maji.

Hatusemi kwamba meza kubwa haina kazi. Mwenye karakana inayokata makabati kutoka mabao mazima kila siku, penye umeme wa hakika na sakafu ya saruji imara, huyo ataiona faida yake. Lakini ukubwa wa meza hupimwa kwa kazi iliyopo, wala si kwa ndoto.

Tulimshauri seremala aandike katika daftari kila kazi ya miezi mitatu, pamoja na kipande chake kikubwa cha kuchongwa. Alirudi na daftari limejaa. Paneli za milango, misalaba, vibao vya maduka: karibu vyote viliingia katika meza ndogo. Vichwa vya vitanda, vyenye sentimeta 150, vilihitaji kusukumwa mara moja. Kazi moja tu ilidai meza kubwa, nayo vijana wake waliimaliza kwa patasi.

Alichagua ndogo, yenye upana wa 65, akailipa kwa akiba yake bila kukopa. Vijana wanne wangali kazini, maana mashine huchonga ua, lakini haipigi randa wala haiungi miguu ya meza.

Bwana wetu alitufundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Naye Papa Pius wa Kumi na Mbili, mwaka 1955, aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Enyi akina baba, na ninyi vijana mnaojifunza kazi, mwombeni Yosefu awaongoze. Kisha chukueni daftari na kipimo, mkahesabu.