Ngata ya bega

Mwanamke hajitwiki ndoo ya maji hivi hivi. Husokota khanga akapata ngata, ndoo ikatulia. Bega nalo lina ngata yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kama chungwa, na kikombe kinachokipokea hakina kina, ni kisosi tu. Ukingo mgumu wa gegedu, labrumu, umekizunguka kisosi hicho ili chungwa lisiteleze.

Ngata hiyo huchanika. Kipa akiangukia mkono na bega likateguka, aghalabu huchanika mbele, upande wa chini. Mwingereza Arthur Bankart alilieleza jeraha hilo mwaka 1923 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Mrusha mkuki huchanika juu, pale kano ya baisepsi inapojishikiza. Mchaniko huo Stephen Snyder wa Marekani aliuita SLAP mwaka 1990.

Huku kwa juu ndiko kwenye kizungumkuti. Maumivu yako ndani, mgonjwa hawezi kuyagusa kwa kidole. Daktari atakwambia unyooshe mkono mbele, uuvushe kidogo kuelekea kifuani, dole gumba litazame chini. Anaukandamiza, nawe unamkatalia. Kisha unageuza kiganja juu, anakandamiza tena. Ikiuma mara ya kwanza na kupoa mara ya pili, anashuku ngata. Anashuku tu. Inafuata MRI, pengine baada ya kuchomwa sindano ya dawa ndani ya kiungo ili mchaniko uonekane.

Picha nayo ina vituko vyake. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, watu wa miaka 45 hadi 60 wasioumwa bega walipigwa MRI, na zaidi ya nusu wakasomwa kuwa wamechanika huko juu. Wanorwei nao, mwaka 2017, walitoa matokeo ya wagonjwa 118 wa SLAP: wengine walishonwa, wengine wakahamishiwa kano, wengine wakachunguliwa kwa kamera na kufungwa bila kurekebishwa chochote. Baada ya miaka miwili hali zao zilikuwa karibu sawa.

Kijana ambaye bega linateguka kila mara ni habari nyingine. Huyo ashonwe, kupitia vitundu vidogo, na avumilie miezi kadhaa nje ya uwanja. Wengi wengine mimi ningewapeleka kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia: mkanda wa mpira umefungwa kwenye kitasa cha mlango, kiwiko kimebana taulo ubavuni, mkono unavuta taratibu kwenda nje, na taulo lisidondoke.