Mkabala, Mwanga na Mpangilio: Istilahi za Kupigia Picha Sanamu

Mpiga picha wa mjini Kyela akitaka kueleza alisimama wapi alipopiga picha, husema "engo". Akitaka kueleza mwanga ulitoka upande gani, hunyoosha kidole. Hatumlaumu, kwani neno hilo la mkopo limemfikia pamoja na kamera, na kidole hakidanganyi. Lakini mwalimu wa sanaa anayeandika kitabu hawezi kunyoosha kidole. Kwa sababu hiyo tunapendekeza hapa istilahi chache za upigaji picha, na tumezijaribu katika picha za sanamu zinazoonyesha hisia. Mtu akipigwa picha huweza kununa au kutabasamu, ilhali sanamu haibadili uso iliopewa na mchongaji. Basi ikiwa picha mbili za sanamu moja zinatofautiana kwa hisia, tofauti hiyo haikutoka kwa sanamu. Imetokana na mahali aliposimama mpiga picha, saa aliyoichagua na mipaka aliyoiweka. Mambo hayo matatu hayana budi kuwa na majina.

Tuanze na mwanga. Kwa jambo hili hatuhitaji sanamu. Chungu kimoja chatosha. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu vinavyouzwa katika gulio la Lyulilo, karibu na Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kiweke chungu hicho mchangani asubuhi na mapema. Milima ya Livingstone iliyo upande wa mashariki hulichelewesha jua hata baada ya kupambazuka, na katika mwanga huo laini chungu huonekana kama kitu bapa. Jua likivuka milima, ubavu mmoja hung'aa na wa pili huingia gizani. Ndipo mviringo wake unapojitokeza. Adhuhuri mdomo wa chungu huitia giza shingo yake. Jioni, jua likiwa nyuma yake, hubaki umbo jeusi tu.

Kiswahili tangu zamani hutumia viungo vya mwili kutajia mahali: twasema ubavuni mwa nyumba na mdomoni mwa mto. Kwa kufuata kanuni hiyo moja, twapendekeza mwanga wa usoni, mwanga wa ubavuni, mwanga wa kisogoni na mwanga wa utosini. Ieleweke kwamba mwili unaohesabiwa ni wa kile kinachopigwa picha, si wa mpiga picha, na kwamba upande wake ulioielekea kamera ndio unaoitwa uso. Kadhalika tunashauri kutenga maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kivuli kiwe ni umbo ambalo kitu hulitupa juu ya kitu kingine. Uvuli uwe ni sehemu ya kitu chenyewe isiyopata mwanga. Tofauti hii si ya bure. Kivuli cha sanamu huanguka chini na huonyesha saa. Uvuli hukaa katika tundu la jicho na chini ya shavu, na ndio unaobeba huzuni.

Sasa tuje kwenye "engo". Wengine hutafsiri kwa "pembe", lakini pembe ni istilahi ya hesabu, nayo hupimwa kwa digrii. Mpiga picha hapimi, anakabili. Kwa hiyo twapendekeza mkabala, na aina zake tatu: mkabala wa kuinua macho, mkabala wa kuinamisha macho na mkabala wa usawa wa macho. Tumekwepa kusema "mkabala wa juu" au "wa chini", kwa kuwa msomaji hatajua aliye juu ni nani, kamera au sanamu.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 iko juu ya jukwaa refu, hivyo apitaye barabarani huinua macho atake asitake, na askari yule wa shaba huonekana mkubwa kuliko mwanadamu. Kinyume chake ni kumbukumbu ya watumwa iliyoko Mkunazini, Zanzibar, kando ya kanisa la Anglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Msanii Clara Sörnäs wa Sweden aliikamilisha mwaka 1998. Ni watu watano waliomo shimoni, wamefungwa minyororo shingoni.

Kwa watu wa Kyela kumbukumbu hiyo si ya mbali. Ng'ambo ya Mto Songwe, huko Karonga, mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Mlozi aliwashambulia Wangonde mwaka 1887, na hakukomeshwa hadi aliponyongwa Desemba 1895. Wangonde ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili. Watu wengi wa nchi za Ziwa Nyasa walipelekwa Kilwa, na kutoka huko wakavushwa hadi Zanzibar.

Mgeni afikaye Mkunazini husimama ukingoni na kupiga picha kwa kuinamisha macho. Picha yake ni ya kweli, lakini mkabala wake ni ule wa mnunuzi aliyesimama sokoni akiwakagua watu walio chini yake. Akichuchumaa, au akilala kifudifudi, kamera hukaribia usawa wa nyuso zile, na anayeitazama picha hukutana na mtu badala ya bidhaa. Akingoja hadi jua la utosini lipite na mwanga wa ubavuni uingie, uvuli wa macho utazungumza zaidi ya mnyororo.

Limebaki jambo la tatu. Baadhi ya waandishi husema "utungaji wa picha". Twaona kwamba aliyetunga ni mchongaji. Mpiga picha hupanga, yaani huamua kipi kiingie na kipi kiachwe. Neno mpangilio latosha. Ukingo wa picha uitwe mpaka, na "fremu" ibaki kuwa ile ya ukutani. Mpaka ukiwakusanya wote watano, picha husimulia habari ya biashara. Ukibakiza uso mmoja na pingu moja, husimulia habari ya mtu aliyekuwa na mama.

Haya ni mapendekezo, si amri. Tunawaomba wapiga picha na walimu wayajaribu kazini na kutuletea hoja zao. Wasomaji wa Kyela, hasa, wakiwa na neno la Kinyakyusa au la Kikisi linalofaa kuliko haya yetu, tutalipokea kwa shukrani, kwani lugha za jirani zastahili kuulizwa kabla ya lugha za mbali.