Mvinyo wa ndizi: Ulimi huonja utamu, lakini hautambui sumu

Anayepita katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, au lile la Keroka lililo mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, hakosi kuona mikungu ya ndizi ikisubiri malori ya kuisafirisha hadi Nairobi na miji mingine.

Ndizi ni zao la neema, lakini halina subira. Pindi inapoanza kuiva, mkulima hubaki na siku chache tu za kuiuza kabla haijaoza. Madalali wanalifahamu hilo vyema, na ndiyo maana msimu wa mavuno mengi mara nyingi humletea mkulima jasho tele na pesa kidogo.

Njia mojawapo ya kuokoa zao hilo ni kuligeuza kuwa mvinyo. Mjini Arusha, Tanzania, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza vinywaji vya ndizi na kuvitia katika chupa tangu miaka ya 1990. Hapa nchini, Kenya Wine Agencies, iliyoanzishwa mwaka wa 1969, iliwahi kuuza mvinyo wa mapapai. Kwa hivyo, si lazima mvinyo utokane na zabibu.

Kwa wakazi wa Gusii, jambo hilo ni muhimu. Mizabibu hupenda maeneo makavu yenye jua la kutosha, kama vile Naivasha na Yatta hapa Kenya, au Dodoma nchini Tanzania. Milima ya Kisii na Nyamira hupata mvua karibu mwaka mzima, na unyevu huo huwaletea wakulima wa zabibu magonjwa ya ukungu. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayoustawisha mgomba.

Wala ustadi wa kuchachua si mgeni huko. Tangu jadi, jamii ya Abagusii imetengeneza amarwa, pombe ya wimbi ambayo wazee waliinywa kwa mirija mirefu wakiwa wameuzunguka mtungi mmoja. Tofauti ni kwamba amarwa hunywewa ingali changa, ilhali mvinyo hudai miezi ya kungoja.

Mgeni anayezuru kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi anapaswa kuanzia mahali ndizi zinapoiva. Ndizi mbichi imejaa wanga, na hamira haiwezi kuula wanga huo. Ni katika kuiva ambapo wanga hugeuka sukari. Kwa sababu hiyo, mtengenezaji mwangalifu huchagua ndizi ambazo maganda yake yameanza kupata madoadoa meusi, bali si zilizooza.

Ndizi hizo humenywa, zikapondwa na kuchanganywa na maji. Kwa kuwa uji wake ni mzito, wengi hutia kimeng'enya cha kuulegeza ili maji yake yapate kuchujika. Aidha, ndizi ina uchachu kidogo mno, hivyo huongezwa maji ya limau au asidi ya sitriki. Bila uchachu huo, mvinyo huwa chapwa na hushambuliwa kwa urahisi na bakteria.

Kisha hutiwa hamira. Karibu nusu ya uzani wa sukari inayoliwa na hamira hugeuka kuwa kileo, na nusu nyingine hutoka kama gesi ya kabonidioksaidi. Ndiyo sababu mapipa huwekewa vali inayoruhusu gesi kutoka bila kuingiza hewa, na chumba chenyewe sharti kiwe na madirisha ya kutosha. Anayetia mvinyo chupani kabla haujamaliza kuchacha huenda akasikia chupa zikipasuka ghalani.

Baada ya hapo, mvinyo huhamishwa kutoka pipa hadi pipa ili kuacha machicha chini, mpaka uwe angavu. Hatua hii haina njia ya mkato.

Wakati wa kuonja, mgeni humiminiwa kiasi kidogo tu. Aanze na mvinyo usio na sukari nyingi, kisha aelekee kwa ule mtamu, na asukutue kinywa kwa maji kila baada ya bilauri moja. Waonjaji wazoefu hutema wanachoonja katika chombo maalumu ili kichwa kibaki kitulivu hadi mwisho.

Jicho hutangulia. Mvinyo mzuri wa ndizi huwa na rangi ya manjano au dhahabu, nao hupenyeza mwanga. Ukungu ndani ya bilauri huonyesha kwamba haukuchujwa vyema au ungali unachacha.

Pua hufuata. Harufu ya ndizi mbivu ni ishara njema. Harufu ya siki huonyesha kwamba hewa iliingia pipani na bakteria wakaanza kugeuza kileo kuwa asidi, nayo harufu ya mayai viza husema kwamba hamira ilitaabika. Mwisho ni ulimi, ambao hupima iwapo utamu, uchachu na ukali wa kileo vinapatana au kimoja kinawazidi wenzake nguvu.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo jicho, pua na ulimi haviwezi kulibainisha, nalo ni methanoli. Kemikali hii inafanana mno na kileo cha kawaida kwa rangi, harufu na ladha. Mililita 10 pekee, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu. Dalili zake aghalabu huchelewa kwa saa kadhaa, wakati mnywaji ameshalala akidhani amelewa tu.

Wakenya wanaijua huzuni hiyo. Mnamo Mei 2014, makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mnamo Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki katika kaunti ya Kirinyaga baada ya kubugia pombe haramu.

Matunda yanapochacha hutoa methanoli pia, lakini kwa kiasi kidogo kisichodhuru katika mvinyo uliotengenezwa ipasavyo. Maafa hutokea hasa pale mfanyabiashara mwenye tamaa anapoongeza kemikali za viwandani ili kinywaji kilewesha haraka na kwa bei rahisi.

Kwa hivyo, kabla ya kuonja, mgeni hana budi kuuliza. Je, kiwanda kina leseni ya serikali ya kaunti? Je, chupa ina alama ya Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa (KEBS) na stempu ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA)? Je, kibandiko kinaeleza kiwango cha kileo? Mwenye kiwanda halali hatakasirishwa na maswali hayo.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka wa 2010 ilifungua mlango kwa pombe za kienyeji kutengenezwa kihalali mradi zifikie viwango vilivyowekwa. Lakini vipimo, leseni na stempu hugharimu pesa, na mkulima mmoja mwenye robo ekari ya migomba hawezi kuzimudu peke yake. Wakulima walioungana katika chama cha ushirika wanaweza kugawana gharama hizo pamoja na mitambo, jinsi wenzao wa kahawa walivyozoea kufanya.

Bila njia hiyo, ndizi zitaendelea kuozea sokoni na mnywaji ataendelea kuuziwa asichokijua. Mvinyo safi humfaa mkulima na mnywaji pia, mradi tu kila mmoja akubali kungoja: mkulima angoje pipa litulie, naye mnywaji asiinue bilauri kabla ya kusoma chupa.