Kulisha Mmea Usio na Udongo: Kutoka Milima ya Mbinga hadi Mwambao wa Nyasa

Katika milima ya Mbinga, ambako Wamatengo wamelima kwa ngolo tangu vizazi vingi, udongo ndio ghala la chakula cha mmea: nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba juu ya mteremko, hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba, kisha huoza polepole na kulisha maharage na, msimu unaofuata, mahindi. Mkulima wa ngolo akizidisha mbolea au akicheleweshewa mvua, udongo humstahimilia kwa siku kadhaa. Kilimo bila udongo, ambamo mizizi hushikiliwa na mchanga, kokoto, pumba za mpunga au makumbi ya nazi, huliondoa ghala hilo, na kazi yake yote humwangukia mtu aliyeshika keni ya kumwagilia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1860 Julius von Sachs alionyesha huko Ujerumani kwamba mmea waweza kukua ndani ya maji yaliyoyeyushiwa chumvi chache tu za madini. Mbinga nako jambo hili lina jamaa yake wa karibu katika kahawa, zao ambalo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) hulifanyia kazi katika kituo chake cha Ugano. Miche ya vikonyo, yaani vipande vichanga vya shina vinavyochomekwa katika mchanganyiko wenye unyevu chini ya kifuniko cha nailoni hadi vitoe mizizi, haihitaji kulishwa mwanzoni. Kinachohitajika ni hewa yenye unyevunyevu, kwa kuwa kikonyo kisicho na mizizi hakina pa kupokelea mbolea, na chumvi yake huunguza jeraha la mkato.

Mizizi ikishatoka, hesabu hubadilika. Kila kinachoshikilia mizizi kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua ratiba ya kumwagilia. Pumba mbichi za mpunga hupitisha maji haraka mno, ilhali zilizochomwa hadi kuwa mkaa hushika maji zaidi lakini hubeba majivu, kwa hiyo sharti zisuuzwe kabla ya kupandiwa. Unga wa mbao unaopatikana katika viwanda vya kupasulia magogo una hila nyingine: vijidudu vinavyouozesha hunyakua naitrojeni iliyokusudiwa mmea, na majani hugeuka manjano ingawa mbolea imetiwa.

Kuhusu mbolea, kosa la kawaida ni kuchota urea iliyobaki shambani. Urea hufaa kukuzia mahindi kwa sababu bakteria wa udongoni huigeuza kuwa amonia, kisha naitreti, namna ya naitrojeni ambayo mizizi huipokea bila madhara. Katika pumba au mchanga msafi bakteria hao ni wachache, na amonia hulundikana ikawa sumu. Hutumika badala yake mbolea zinazoyeyuka kabisa, zenye madini yote, yakiwamo yale ya kiasi kidogo kama chuma, zinki na boroni. Kalsiamu naitreti huyeyushwa katika ndoo yake peke yake, maana ikikutana na salfeti au fosfeti zikiwa nzito, maji huwa meupe kama tui na madini hutuama chini yasifike kwenye mizizi. Nguvu ya mchanganyiko hupimwa kwa jinsi unavyopitisha umeme: mboga za majani hutosheka na miliSimensi 1.2 hadi 1.8 kwa sentimita, nyanya na 2 hadi 3.5.

Hata hivyo, mimea mingi huharibiwa na maji kuliko mbolea. Nyanya inayooza kitako, ile yenye doa jeusi lililodidimia chini ya tunda, hudhaniwa kuwa na ugonjwa na kupuliziwa dawa bure. Aghalabu chanzo ni kalsiamu, ambayo husafiri na maji tu, hivyo kiu ya mchana mmoja wa Oktoba pale Mbamba Bay, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, yaweza kulinyima tunda changa fungu lake hata kama ndoo imejaa kalsiamu. Dawa yake ni kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi, hadi sehemu 1 kati ya 10, au 2 wakati wa joto, ichuruzike chini na kuondoka na chumvi iliyozidi. Katika baridi ya Juni na Julai huko Mbinga mjini ratiba hiyohiyo ingeozesha mizizi.

Maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi nyingi, lakini yana ualikali, pH yake ikiwa karibu na 8 au zaidi, ilhali mizizi hutaka 5.5 hadi 6.5. Yasiporekebishwa kwa asidi kidogo, chuma hakipokeleki na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani.

Kwa shamba la kahawa au mahindi, gharama hii yote haina maana. Inafaa kwa vitalu vya miche na kwa mboga za bei nzuri kwenye mchanga wa mwambaoni, na anayetaka kujaribu aanze na ndoo chache za mchicha kabla ya kugusa nyanya.