Nani Ampime Fundi?

Mafundi wengi wa Tanzania hawakupita chuoni. Walianza kwa kumshikia spana mtu gereji au kubeba zege saiti, wakaendelea hivyo mpaka nao wakategemewa. Ujuzi wanao, cheti hawana. Na cheti sasa kinaulizwa: fundi umeme anayetaka leseni ya kufunga umeme majumbani kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, lazima aonyeshe cheti, hata kama mtaa mzima unaijua kazi yake.

Hapo ndipo zinapoingia taasisi zinazopima na kutunuku vyeti vya ufundi stadi. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na NACTVET inayosimamia ubora wa mafunzo hayo. Kenya ina NITA, KNEC na CDACC, na mwajiri wa kawaida hupata taabu kujua cheti kipi kinalingana na kipi.

Tatizo zito zaidi ni gharama ya kupima vitendo. Mtihani wa karatasi unahitaji ukumbi na msimamizi tu, hata watahiniwa wakiwa mia. Mchomeleaji anahitaji mashine, umeme, vyuma na vijiti vya kuchomelea vitakavyoisha siku hiyohiyo, tena na mtahini anayeijua kazi, amtazame tangu anapopima chuma hadi anapogonga ukoko. Ada haipandishiki, kwa kuwa mtahiniwa mwenyewe ni kijana anayejitafutia riziki. Basi kishawishi ni kuongeza maswali ya kuandika na kupunguza vitendo. Kwangu hilo ni hatari kuliko ufinyu wowote wa bajeti, kwa sababu mwajiri akishaletewa mara mbili mtu mwenye cheti asiyeweza kazi, haulizi cheti tena. Anarudi kwa ndugu na jamaa.

Urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya chuo unafungua njia. Mtahini anamfuata fundi kazini kwake, anamuuliza kwa mdomo na kumtazama akifanya kazi. Mapengo yakionekana, fundi hupewa mafunzo mafupi kabla ya kutunukiwa. Vifaa viko palepale, hivyo sehemu kubwa ya gharama inapungua. Na aliyejifunza kazi kwa Kiswahili apimwe kwa Kiswahili. Kumwangusha kwa sababu ya Kiingereza ni kupima kitu kingine kabisa.

Lakini mtahini na fundi wakiwa wawili tu gerejini, rushwa iko karibu. Wapimaji wawe wawili, na picha za kila hatua ya kazi zihifadhiwe ili mtu wa tatu aweze kuzikagua. Wapimaji wenyewe ni wa kutafutwa kwa makini: mwalimu aliyeacha gereji kabla magari hayajajaa kompyuta atampimaje kijana anayeyatengeneza leo? Waliobobea wako viwandani, na mwajiri hatawatoa bure. Walipwe vizuri.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka nchi wanachama zitambuliane vyeti. Kwa fundi anayevuka mpaka wa Namanga, hilo litategemea kama mwajiri wa Nairobi anamwamini mtahini wa Arusha. Taasisi za upimaji za nchi hizi mbili zingeweza kuanza na fani moja, tuseme uchomeleaji, zikabadilishana watahini na kupima pamoja.