“Wax”: neno fupi, maana nyingi, pesa nyingi

Kila mwaka tarehe 8 Machi ikikaribia, vikundi vyetu vya Kisangani vinaanza kuhesabu pesa. Iwe Makiso, Mangobo, Kabondo ama Lubunga ng’ambo ya mto, swali ni lile lile: mwaka huu tuvae kikwembe gani? Mama mmoja anasema, “Tuchukue wax,” na wote wanaitika. Mweka hazina akifika sokoni anakuta wax ya bei tatu ama nne, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo wax. Mchango wa wamama makumi umo mkononi mwake. Amsikilize nani?

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi tunalitamka kila siku na wachache wanajua lilitoka wapi.

Neno la nyuki na la mwezi

“Wax” ni neno la Kiingereza, na maana yake ya kwanza ni nta, ile ambayo nyuki anajengea masega yake. Kutoka hapo Waingereza wamelipeleka mbali. Uchafu wa ndani ya sikio wanauita wax ya sikio. Lakiri, ile waliyoyeyusha zamani ili kufunga barua na kupigia muhuri, nayo ni wax. Kupaka nta kwenye sakafu ama kwenye gari ili ing’ae ni ku-wax. Mwanamke anayeondoa nywele za miguu kwa nta naye anafanya wax.

Halafu kuna jambo la kushangaza. Mwezi wa mbinguni unapokua, kutoka mwandamo hadi kuwa mpevu, Waingereza wanatumia neno hilo hilo: mwezi una-wax. Hapo hakuna nta hata kidogo. Hayo ni maneno mawili ya zamani, moja la nta na moja la kukua, ambayo leo yanaandikwa sawasawa. Sisi pia tunayo ya namna hiyo: kaa la moto, kaa wa majini, na kaa kitako. Mtoto anajua ni lipi kwa kusikiliza maneno yaliyo jirani. Sokoni pia ni hivyo: neno peke yake halitoshi.

Nta iliingiaje kwenye kikwembe?

Kwenye kisiwa cha Java, katika nchi ya Indonesia, watu walichora vitambaa kwa nta tangu zamani. Walipaka nta mahali ambapo hawakutaka rangi iingie, wakachovya kitambaa kwenye rangi, kisha wakaondoa nta. Kazi hiyo inaitwa batiki. Waholanzi, waliokuwa wakitawala visiwa hivyo, walitaka kuifanya kwa mashine. Kampuni tunayoijua leo kwa jina la Vlisco ilianzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi.

Mashine ilikuwa na tatizo moja. Nta ngumu ilipasuka, na rangi ikapenya kwenye nyufa, ikaacha mishipa midogo midogo kwenye kitambaa. Watu wa Java hawakuipenda. Lakini mwisho wa karne ya 19, vitambaa hivyo vilipofika Afrika ya Magharibi, wanunuzi walivipenda pamoja na mishipa yake. Kutoka huko desturi ilienea hadi kwetu, na jina la nta likawa jina la nguo.

Jina la mchoro ni kazi ya wanawake wa Afrika zaidi kuliko ya kiwanda. “Six Bougies”, unaojulikana sana Kongo, ni mfano mzuri. Kwa Kifaransa “bougie” ni mshumaa, na pia ni buji ya injini. Mchoro wenyewe unaonyesha buji za gari. Mama anayeuvaa anawaambia majirani kwamba yeye si wa mchezo: bwana wake ana uwezo wa gari lenye injini ya buji sita.

Wax, fancy, na yadi

Sokoni wax ina ndugu yake anayeitwa “fancy”. Hilo pia ni neno la Kiingereza lenye nyuso nyingi: kumtamani mtu, kitu cha mapambo, ama wazo la kichwani tu. Kwa wauza vikwembe, fancy ni kitambaa kilichopigwa rangi moja kwa moja na mashine upande mmoja, bila nta. Bei yake ni ya chini. Fancy si kitu kibaya. Wamama wengi wa umri mkubwa wa mji huu waliolewa na kulea watoto ndani ya vikwembe vilivyotengenezwa hapa hapa na SOTEXKI, na hawakuona haya. Ubaya ni kulipa bei ya wax na kurudi na fancy.

Neno la tatu ni yadi. Kwa Kiingereza ni uwanja wa nyumba, na pia ni kipimo cha sentimita 91 na kidogo. Kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani mita 1 na sentimita 83. Nusu pisi ni yadi 6, karibu mita 5 na nusu. Pisi nzima ni yadi 12, karibu mita 11. Anayekuuzia mita 5 kama yadi 6 amekukata karibu nusu mita, na fundi wa kushona ndiye atakayekuambia kwamba mkono wa blauzi haukutosha.

Namna ya kutambua

Kwanza, geuza kitambaa. Wax inapigwa nta pande zote mbili, kwa hiyo rangi ya nyuma inang’aa kama ya mbele. Fancy ina upande mmoja uliofifia.

Pili, tafuta mishipa. Chagua ua moja, kisha tafuta ua kama hilo mbele kidogo. Nta inapasuka inavyotaka, kwa hiyo mishipa ya ua la kwanza haiwezi kufanana kabisa na ya ua la pili. Kama mishipa inarudi ile ile kila mahali, basi imechorwa na mashine ili kuiga.

Tatu, usitegemee maandishi ya pembeni peke yake. Neno “wax” linaweza kupigwa kwenye kitambaa chochote. Soma pembe, lakini acha macho na vidole vyako vihukumu.

Nne, pima kwa mita mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa.

Tuandike vizuri

Neno lenye maana nyingi linaleta ugomvi pale linapoandikwa peke yake. Chukua orodha ya mahari iliyoandikwa “wax sita”. Upande wa msichana unafikiria pisi sita. Upande wa mvulana unaleta yadi 6. Siku ya furaha inageuka siku ya maneno, na kila upande unajiona una haki.

Katika vikundi vyetu pia ni hivyo. Kabla ya kutoa pesa za likelemba ama za mchango, daftari liandike mambo manne: ni wax ama fancy, mchoro gani, yadi ngapi kwa kila mama, na bei ya juu ambayo mweka hazina hataipita. Wamama wawili waende pamoja naye sokoni, na kipande kidogo cha mfano kibaki kimebandikwa kwenye daftari. Hivyo mweka hazina hatashukiwa bure, na mama aliyeweka franka zake kidogo kidogo atavaa alichokilipia.

Katika mkutano ujao, kila mmoja alete kikwembe kimoja cha nyumbani. Tuvigeuze pamoja, na wamama wazee watufundishe majina ya michoro wanayoyakumbuka.